Acheni kuniagiza nyumba "karibu na Muhimbili"

Wiki hii umeingia tena ujumbe uleule, safari hii kutoka Songea: "Dalali, mke wangu amepata nafasi ya kusomea udaktari bingwa Muhimbili. Tuna watoto wawili. Tutafutie nyumba karibu na chuo." Mimi ni dalali wa nyumba Dar es Salaam, na kila ikikaribia Oktoba simu yangu inajaa maombi ya namna hii, na nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo naandika yote mahali pamoja.

Niyapitie upesi yale mepesi. Hakikisha chuo ni kipi, maana kuna vyuo vingine vya udaktari: Kairuki kipo Mikocheni na KIU (Kampala International University) kipo Gongo la Mboto, na huwezi kuwatafutia watu wa vyuo hivyo nyumba za mtaa mmoja. Mbezi Beach na Mbezi ya Kimara ni sehemu mbili tofauti kabisa: moja iko upande wa bahari kwenye Barabara ya Bagamoyo, nyingine iko Barabara ya Morogoro, kwenye stendi kuu ya mabasi ya mikoani. Udalali ni kodi ya mwezi mmoja. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita mbele, wengine mwaka. Basi, hayo yameisha.

Sasa hili la "karibu". Muhimbili iko Upanga, na Bonde la Msimbazi linaitenga Upanga na nusu ya jiji. Ukitoka Magomeni, Sinza, Mwenge, Ubungo au Kimara, lazima uvuke bonde hilo. Unavukia Jangwani kwenye Barabara ya Morogoro, au Kigogo kwa Barabara ya Kawawa, au upande wa bahari kwa Daraja la Salender au Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022. Nje ya hapo ni kuzunguka mbali kwa Barabara ya Mandela. Mvua ikipiga milima ya Pugu maji yanateremka hadi Jangwani, barabara inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanakatisha safari, na kila mwenye gari anakimbilia Kigogo au Salender kwa wakati mmoja. Siku hiyo mtu wa Magomeni, ambaye kwenye ramani yuko pua na mdomo na Muhimbili, anachelewa kuliko mtu wa Kigamboni.

Ndiyo maana mteja akiniambia "kilomita nne tu" namuuliza: unavukia wapi, na pakifungwa unapita wapi? Nyumba yenye njia moja ya kutokea siipendi hata ikiwa nzuri namna gani. Sinza ina njia mbili: unaweza kushuka Shekilango ukaingia Morogoro, au ukatokea Mwenge ukafuata Barabara ya Bagamoyo, kisha ya Ali Hassan Mwinyi, hadi Salender. Goba nayo, pamoja na umbali wake, inatokea Mbezi ya Kimara upande mmoja na Tangi Bovu upande mwingine. Lakini kuna mitaa ya ndani huko Kimara ambako barabara ya vumbi ni moja, ina korongo katikati, na Aprili hata bodaboda wanakataa kuingia. Mpangishaji atakuonyesha nyumba hiyo Septemba, jua linawaka, na vigae vinameremeta.

Halafu kuna Mloganzila, na hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Mtu amesikia chuo kina eneo kubwa Mloganzila, amesikia "chuo kinahamia huko", anaenda kupanga Kibamba, jirani na huko, na kulipa mwaka mzima. Hospitali ya Mloganzila ilijengwa iwe ya kufundishia, ikazinduliwa Novemba 2017, na Oktoba 2018 ikawekwa chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wanafunzi wanapelekwa huko, ni kweli. Lakini mwanafunzi wa MD, yaani shahada ya kwanza ya udaktari, kwenye miaka miwili ya mwanzo anashinda madarasani na maabara, Upanga. Anayesomea ubingwa anazungushwa kufuatana na idara yake: kipindi fulani wodi za Upanga, kipindi kingine Mloganzila, na ratiba anaipata akiwa ameshafika. Hospitali hizo mbili zinatenganishwa na zaidi ya kilomita ishirini. Ukijibana Upanga, zamu za Mloganzila zitakutesa. Ukijibana Kibamba, raundi ya asubuhi ya Upanga itakutoa kitandani usiku wa manane.

Kwa hiyo kwa familia za MUHAS, yaani chuo cha Muhimbili, mimi natafuta kwenye mstari wa Barabara ya Morogoro, kuanzia Ubungo hadi Mbezi. Kutoka Kimara kwenda Kibaha barabara imepanuliwa hadi njia nane, na asubuhi anayekwenda Mloganzila anapishana na foleni, kwa sababu jiji zima linaelekea mjini. Anayekwenda Upanga anapanda mwendokasi Kimara, anashuka kituo cha Fire, kisha anaingia Barabara ya Umoja wa Mataifa hadi hospitali. Kimara asubuhi watu ni wengi na kusimama njia nzima ni kawaida, mtu asikudanganye. Ila basi lina njia yake, halikai kwenye foleni ya magari.

Nije kwenye linaloniuma zaidi. Mnapiga hesabu zote kwa miguu ya mwanafunzi, wakati mwanafunzi ndiye atakayekaa kwenye nyumba hiyo saa chache kuliko wote. Anatoka gizani, anarudi gizani, akiwa zamu harudi kabisa, na akiwa nyumbani amelala au amefunika uso kwa kitabu. Nyumba ni ya wanaobaki: mume mwalimu anayesubiri uhamisho wake upite ili aripoti shule ya Ubungo, bibi aliyekuja kulea mjukuu, mtoto wa darasa la pili anayepitiwa na basi la shule alfajiri. Nimewapangisha familia moja Upanga, ghorofani, vyumba viwili, kwa sababu daktari alisisitiza atembee kwa miguu hadi wodini. Yeye alikuwa sawa. Watoto walikosa hata mahali pa kurusha mpira, bibi alishindwa ngazi, na kodi ilimeza mshahara wa baba mwalimu. Kabla mkataba haujaisha baba na watoto walirudi kwao Iringa, daktari akabaki peke yake kwenye vyumba viwili vya bei ya Upanga.

Kwa hiyo nikikupeleka kuona nyumba, namtaka mwenzi wako awepo. Wewe daktari ukija peke yako utauliza mwendokasi uko umbali gani na utaridhika. Yeye ataangalia kama maji ya DAWASA yanatoka kila siku au ni ya kununua kwa boza, kama mita ya umeme ya LUKU ni ya kwenu au mnachangia na wapangaji wa uani, kama kuna geti na jirani mwenye watoto, kama duka la dawa lipo mtaani, kama mjumbe anajulikana na anapokea simu. Kuhusu shule, panga nyumba baada ya shule kukubali mtoto. Basi la shule lina mitaa yake, na mtaa wenu usipokuwemo, mtoto atapandishwa bodaboda kila siku.

Kuna jambo ambalo bado linanitatiza. Sina hakika kama ni vyema kila familia ihame yote kwa pamoja mwaka wa kwanza. Nimeona waliokuja wote wakavumiliana na wakafurahi. Nimeona pia waliotangulia mmoja, akapanga chumba na sebule Magomeni au Ilala kwa miezi michache, akasoma ratiba na jiji, ndipo akawaita wenzake, na hao walichagua nyumba vizuri zaidi. Lakini mama mwenye mtoto wa miezi minane hawezi kuambiwa amwache Songea. Nikiulizwa leo nasema njooni wote, kesho kwa familia nyingine nasema tangulia. Kigamboni nayo inanigawa: viwanja vipana, hewa, nyumba nzima kwa bei ya nusu nyumba ya Sinza, na huvuki Jangwani. Ila unategemea kivuko au Daraja la Nyerere, na mtu aliyemaliza zamu ya usiku kusubiri pantoni akiwa anasinzia ni jambo linalonitia hofu.

Kwa mkataba wa kwanza lipa miezi sita tu, hata mwenye nyumba akikupunguzia kodi ukilipa mwaka. Ukiingia Oktoba unatoka Machi mwishoni, masika ndiyo yanaanza, na ratiba ya wodi unayo mkononi. Ukitaka kubaki, subiri mvua kubwa ya kwanza, tembea kutoka mlangoni hadi kituoni asubuhi yake, halafu ndiyo umwite mwenye nyumba mzungumze kodi.