Je, Wajua? Gari Linaloingia Maji Mara Nyingi Halivuji, Limeziba

Wakati wa masika, na hasa mwezi wa Mei ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi zaidi Mombasa, wenye magari ya umri mkubwa huamka asubuhi wakakuta sakafu ya mbele imelowa chapachapa, ilhali milango ilifungwa na vioo vilipandishwa hadi juu. Lawama huangukia mpira wa mlango kwa sababu ndio ulio karibu na unyevu. Mara nyingi mpira huo hauna kosa. Maji yaliyotuama chini ya miguu ya abiria yanaweza kuwa yameingilia kwenye paa, chini ya wipa, ndani ya mlango au hata ndani ya dashibodi, na ni nadra kuwa yameingilia pale yalipoonekana. Je, hutokeaje hivyo?

Sababu ya kwanza ni tabia ya maji yenyewe. Tone linalopenya kwenye bati halidondoki papo hapo. Hunata kwenye bati, hata upande wake wa chini, likatambaa nalo hadi likutane na ukingo, skrubu au waya unaoning'inia, ndipo liachie. Penye mwanya mwembamba kama unywele, maji huvutwa na mwanya wenyewe, hata kwa kupanda juu kidogo, kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi. Bodi ya gari nayo imejaa mikunjo na nguzo zenye uwazi ndani, na kila mkunjo ni mfereji tayari. Chini kabisa kuna zulia, na chini ya zulia kuna sponji nene inayonyonya maji na kuyasambaza kama godoro. Gari likiegeshwa limeinamia nyuma, maji yaliyoingilia mbele kabisa hukutwa kwenye miguu ya abiria wa kiti cha nyuma.

Sababu ya pili ndiyo wengi wasioijua, nami naiona kuwa ndiyo kubwa. Gari halikuundwa ili maji yasiingie kabisa kwenye bodi yake. Limeundwa liyapokee mahali maalumu, liyapitishe kwenye mifereji na matundu, na liyatoe chini kabla hayajafika penye zulia. Njia hizo za kutokea zikiziba, maji hujaa, hupanda, na hutafuta njia nyingine. Hapo hakuna kilichotoboka wala kupasuka.

Mfereji muhimu kuliko yote uko chini ya kioo cha mbele, umefunikwa na plastiki yenye vitundu ambamo mikono ya wipa hutokeza. Kioo hicho, pamoja na sehemu ya paa inayomwagia mbele, kina eneo la takriban mita 1 ya mraba ukilitazama kutoka juu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 40 humwaga kwenye mfereji huo kama lita 40, yaani mitungi miwili ya lita 20. Maji yote hayo yanategemewa yatoke kupitia tundu moja au mawili yaliyo pembeni, nyuma ya matairi ya mbele. Katika mfereji huohuo ndimo ulimo mdomo unaovuta hewa ya nje kuipeleka kwenye feni ya kiyoyozi. Maji yakipanda hadi mdomo huo, huporomoka ndani kupitia feni yenyewe, na kwa kuwa magari mengi ya Kijapani yenye usukani wa kulia yana feni upande wa kushoto, nyuma ya droo ya dashibodi, anayelowa miguu ni abiria wa mbele wala si dereva.

Gari la nyumbani kwetu lilitufundisha jambo hili kwa gharama. Lilikuwa likiegeshwa Tudor, mtaa wa Mombasa, chini ya mwarobaini, na kila mvua kubwa ilipopiga sakafu ya kushoto iligeuka dimbwi. Fundi wa kwanza alipaka silikoni kuzunguka kioo chote cha mbele. Mvua iliyofuata ikaingia vilevile. Mzee aliyelitazama baadaye hakugusa zulia wala mpira. Alifungua boneti, akang'oa wipa na ile plastiki, akaingiza mkono pembeni mwa mfereji na kutoa konzi ya matope meusi yanayonuka. Alipoyasugua kwa kidole, vikaonekana vijani vya mwarobaini, vyembamba, vyenye kingo za msumeno, vilivyopenya kwenye vile vitundu kimoja kimoja kwa miaka. "Mama, hili gari halivuji," alimwambia mamangu, "limeziba." Kisha akamwaga kopo la maji, nasi tukayasikia yakishuka na kumwagika nyuma ya tairi. Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninalomshauri mwenye tatizo hili ni kuchungulia chini ya wipa kabla hajanunua kibomba cha silikoni.

Mlango nao huingiza maji kila mvua inaponyesha, na ndivyo ulivyokusudiwa. Maji huteleza kwenye kioo cha dirisha, hupita utepe wa mpira unaokisugua kioo, hushuka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vilivyo ukingoni mwa chini. Kinachoyazuia yasivuke kuja upande wa abiria ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli kwa gundi nyeusi isiyokauka. Adui wa karatasi hiyo ni matengenezo. Mota ya dirisha hufa, au kijana hutaka spika kubwa zaidi. Paneli hufunguliwa, nailoni hupasuliwa ili mkono upite, na mwishowe paneli hurudishwa bila nailoni kubandikwa tena. Maji sasa hugonga paneli kwa ndani, hushuka hadi kizingiti na kuingia chini ya zulia bila kuacha alama yoyote inayoonekana. Ukiona paneli ya mlango imevimba kwa chini, au gari lilianza kulowa baada ya kazi ya spika, anzia hapo.

Magari yenye dirisha la paa yana siri kama hiyo. Mpira wa dirisha hilo hauzuii maji yote. Chini yake kuna trei, na kwa kawaida pembe zake nne zina vijibomba vinavyoshuka ndani ya nguzo hadi chini ya gari. Kijibomba kikiziba, trei hufurika na dari hulowa, au maji hushukia ndani ya nguzo hadi sakafuni. Kukizibua kunataka upole: mshipi mnene wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, husukumwa taratibu kutoka juu. Waya hutoboa, na hewa ya kompresa huweza kukichomoa kijibomba mahali ambapo hutakifikia bila kushusha dari yote.

Kwenye buti, watuhumiwa ni mipira ya taa za nyuma, mpira wa mlango wa buti, na tundu za kutolea hewa zilizofichwa nyuma ya bampa. Gari lililowahi kugongwa nyuma na kunyooshwa ndilo la kushukiwa zaidi. Inua stepni utazame shimo lake, kwani maji ya buti hujikusanya humo kimyakimya.

Umri huzidisha haya yote. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na magari mengi hushushwa bandari ya Kilindini yakiwa yamekaribia kikomo hicho; likitumika hapa miaka 10, tayari lina miaka 17 au 18. Mpira uliokaa juani muda huo hukakamaa na kubaki na umbo la pale ulipobanwa, hausukumi tena. Ukitaka kuupima, funga mlango juu ya kipande cha karatasi kisha ukivute: kikitoka bila kukwama, mpira haubani hapo. Kioo cha mbele kilichowahi kubadilishwa ni habari nyingine. Gundi yake hushika rangi ya bati, na kisu cha fundi kikiikwaruza rangi hiyo, hewa ya chumvi ya pwani hupanda kutu chini ya gundi. Hapo silikoni ya juujuu haifai kitu. Kioo hutolewa, kutu ikasuguliwa, bati likapakwa dawa, ndipo kioo kikabandikwa upya.

Yapo pia maji ambayo hayakutoka mvuani. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu, na inapopita kwenye kipozeo cha kiyoyozi hutoa jasho jingi, ambalo hutakiwa kudondoka nje kupitia bomba dogo chini ya dashibodi. Ndiyo sababu gari linaloegeshwa kiyoyozi kikiwaka huacha kidimbwi chini yake. Liwashe kwa dakika 20, kisha tazama ardhini. Ikiwa pakavu huku zulia linalowa, bomba hilo limeziba au limechomoka. Dalili nyingine ni sauti ya maji yanayochapwa ndani ya dashibodi unapofunga breki.

Maji ya redieta ni jambo zito zaidi. Hakuna anayewasha hita Mombasa, lakini hita imo ndani ya dashibodi, na katika magari mengi maji ya injini hupita humo wakati wote. Ikioza, zulia hulowa kwa umajimaji unaoteleza vidoleni na wenye harufu tamutamu, kioo cha mbele huota utando wa mafuta kwa ndani, na kiwango kwenye chupa ya akiba hupungua. Usiuonje umajimaji huo kamwe, kwa sababu ni sumu, na usiendelee kulitumia gari, kwa kuwa injini inaweza kuungua.

Mtu huweza kusema gari lake haliingizi maji likiwa limeegeshwa, bali linapokwenda mbio kwenye mvua, na akaonekana anatia chumvi. Anasema kweli. Kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, mkandamizo wa upepo usoni mwa gari unatosha kuinua maji kwa zaidi ya sentimita 4, kwa hiyo ukingo unaotosha kuyazuia maegeshoni Nyali huvukwa kwenye barabara ya Voi.

Jaribio la kutafuta njia ya maji lina kanuni moja ngumu kwa mwenye haraka: anzia chini, panda juu. Ukimwagia paa kwanza, kila kitu kitalowa na hutajua lolote. Kausha kwanza, toa kapeti za juu, inua zulia na uitoe sponji ili bati lionekane. Kama viti vina mifuko ya hewa, chomoa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa plagi zake, au mwachie fundi. Paka poda ya mtoto kwenye bati na kwenye viungio vya nguzo. Tone likipita huacha mchirizi usioweza kukosewa. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji ya mpira yasiyo na kasi, kwanza kizingiti, kisha mlango, kisha chini ya wipa, kisha kioo, na mwisho paa, kila mahali kwa dakika 10, kwani maji huchelewa njiani. Mashine ya kuoshea gari kwa kasi isitumike, maana hupenyeza maji hata kwenye gari lisilo na kasoro. Penye mgao wa maji, mtungi wa lita 20 uliowekwa juu ya stuli na mpira mwembamba watosha kwa hatua moja. Nasihi sana maji hayo yasiwe ya kisima cha chumvi, kama vilivyo vingi kisiwani, kwa sababu chumvi itakayobaki chini ya zulia italiozesha bati kuliko mvua yenyewe.

Tone likionekana, ufuate mchirizi kwa kupanda juu hadi unapoanza. Kabla ya kuziba chochote, tafuta tundu la kutokea lililo karibu na ulizibue, kisha urudie jaribio.

Wengi hufukiza udi garini ili kuua ile harufu ya uvundo. Harufu hiyo hutoka kwenye sponji, ambayo hubaki mbichi kwa wiki nyingi hata zulia la juu likiwa kavu, na chini yake hupita nyaya na plagi zinazoota kutu ya kijani, mpaka siku moja dirisha linakataa kupanda au taa ya onyo inawaka bila sababu. Sponji itolewe, isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, ianikwe juani pande zote mbili mpaka iwe nyepesi mkononi.

Ya gari letu ilikaa uani siku nne. Hatukuirudisha mara moja; tulitandika gazeti juu ya bati tupu, tukalirudisha gari palepale chini ya mwarobaini, tukangoja mvua. Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mamangu alifungua mlango wa kushoto, akaliinua gazeti, akalikunja kama lilivyokuwa, na akaniambia niilete sponji.