Kwa nini simu ya mezani ofisini hunyamaza kabla ya kuita?

Inua mkono wa simu ya mezani ofisini, bonyeza 201, na mwenzako wa chumba cha pili anaitwa papo hapo. Piga namba ya nchi nyingine, simu inanyamaza sekunde kadhaa. Wengi huilaumu intaneti, lakini mara nyingi simu inasubiri tu kujua kama umemaliza.

Simu nyingi za ofisi zinazotumia intaneti hufuata itifaki ya SIP, yaani kanuni ambazo vifaa hutumia kuanzisha na kukata simu, na humo ombi la kupiga kwa kawaida hubeba namba nzima kwa mkupuo. Kwenye simu ya mkononi hilo si tatizo, maana kitufe cha kijani unakibonyeza mwenyewe. Kwenye simu ya mezani iliyoinuliwa unaingiza tarakimu moja moja, kwa hiyo kifaa ndicho kinachoamua pa kuishia.

Kinaamua kwa kanuni alizoandika fundi. Tuseme kanuni moja inasema 2 na tarakimu mbili zozote ni namba ya ndani; nyingine inasema ikitangulia 9, iondolewe na simu itoke nje. Ukifika 201, kanuni ya kwanza imetimia na hakuna nyingine inayoanza hivyo, basi simu inaondoka. Namba za kimataifa hazina urefu mmoja. Zinaweza kufika tarakimu 15 pamoja na msimbo wa nchi. Hapo kifaa huhesabu sekunde tangu tarakimu ya mwisho. Kwenye simu nyingi, kubonyeza # hukatisha kusubiri huko.

Fundi akizipunguza sana sekunde hizo, anayesoma namba kwenye karatasi atakatwa katikati. Na akiweka namba ya ndani 20 pamoja na 201, kila anayepiga 20 atasubirishwa. Dawa ni kuipa kila tarakimu ya kwanza kazi moja tu.

Namba za dharura ndizo nzito kuliko zote. Desemba 2013, katika hoteli moja ya Marshall, Texas, mtoto wa miaka tisa alipiga 911, namba ya dharura ya Marekani, mara kwa mara mama yake akishambuliwa. Simu haikutoka, kwa sababu mtambo wa hoteli ulitaka 9 itangulie. Mama alifariki. Marekani ikatunga sheria inayoitwa kwa jina lake, Kari, iliyoanza kutumika Februari 2020: mitambo mipya ya simu za taasisi lazima ikubali 911 moja kwa moja, na pale inapowezekana mtu wa ndani ajulishwe.

Fundi makini huruhusu 911 na pia 9911. Bado kuna mtego: simu za mbali huko huanza na 1, hivyo anayebonyeza 9, kisha 1, kidole kikirudia 1 hiyo, anajikuta anaongea na kituo cha dharura. Ndiyo maana ofisi nyingine zimehamisha tarakimu ya kutokea nje kutoka 9 hadi 8.