Metali ikisubiwa husinyaa mara tatu, rula huona mara moja tu

Mche wa alumini uliosubiwa, yaani uliomiminwa ukiwa umeyeyuka, kwenye kalibu (umbo la kumiminia) ya mchanga yenye urefu wa milimita 300 hutoka ukiwa na milimita 296 hivi. Gawanya zile 4 zilizopungua kwa 300, zidisha kwa 100, unapata takriban asilimia 1.3. Hesabu ni sahihi, ila inaeleza sehemu ndogo ya yaliyotokea ndani ya kalibu.

Metali hupungua kwanza ikiwa bado uji, joto likishuka. Hupungua tena inapoganda, kwa kuwa atomu zake hujipanga kwa kubanana zaidi. Mwisho hupungua ikiwa ngumu, hadi ipoe. Rula hupima hatua hii ya tatu, na hata hapo inataka subira: mche huo ukipimwa ungali na nyuzi 120 za Selsiasi, utauona mrefu kwa karibu milimita 0.7 kuliko utakavyokuwa kesho yake.

Hatua ya pili ndiyo inayoharibu kazi. Alumini safi huganda kwenye nyuzi 660 na kupoteza zaidi ya asilimia 6 ya ujazo wake papo hapo. Ganda la nje likishakakamaa, upungufu huo hauwezi kujitokeza kwenye urefu. Unajificha katikati kama shimo, na kipande kinachong'aa kwa nje huja kuvunjika kikibebeshwa mzigo.

Shimo hilo hukamatwa kwa mizani. Pima kipande hewani, kisha kikiwa kimening'inizwa ndani ya maji. Tuseme hewani kina gramu 500 na majini 310: tofauti ya gramu 190 ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, hivyo ujazo wake ni sentimita za ujazo 190, na msongamano (gramu kwa kila sentimita ya ujazo) ni 2.63. Alumini safi isiyo na dosari ina 2.70. Kwa hiyo zaidi ya asilimia 2 ya kipande ni uwazi mtupu. Shimo likiwa na mlango nje, lizibe kwa nta kwanza, la sivyo maji yataingia na kukudanganya.

Naomba pia tusiazime namba ya metali moja kuipa nyingine. Chuma cha pua husinyaa kwa takriban asilimia 2 ya urefu. Chuma cha kijivu cha kusubu hakizidi sana asilimia 1, kwa sababu kaboni yake hujitenga kuwa grafiti (kaboni laini kama ya penseli) wakati wa kuganda, na grafiti huchukua nafasi kubwa, ikifidia sehemu ya kile kinachopotea.