Nahumu hakutaja nchi unayoichukia wewe

Ndugu zangu, dawati letu la Agano la Kale hapa chuoni limejaa klipu mnazotutumia na karibu zote ni mtindo uleule, mhubiri anasoma kitabu cha nabii Nahumu sura ya 3, "Ole wa mji wa damu", alafu anataja nchi fulani ya leo na watu wanaitikia amina. Hiyo nchi siitaji, ofisi haiingii huko, na hatusemi mhubiri ana nia mbaya.

Ila jamani unabii una anwani. Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, imeandikwa mstari wa kwanza kabisa, sijui watu wanaurukaje. Hata muda unapatikana, soma 3:8, Nahumu anauliza Ninawi kama ni bora kuliko No-Amoni, yaani Thebes ya Misri ambayo Waashuri wenyewe waliiteka 663 KK, kwa hiyo anaongea baada ya hapo, na mwaka 612 KK Wababeli na Wamedi wakaiangusha Ninawi. Imeshatokea! Magofu yako Mosul, Iraki, na wachimbaji walipofukua lango moja la ukuta, linaitwa Halzi, walikuta mifupa ya watu waliofia palepale njiani na vichwa vya mishale katikati yao.

Na ile hasira ya Nahumu ina sababu. Mwaka 701 KK Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliteka mji wa Lakishi wa Yuda, akachonga ushindi wake kwenye kuta za ikulu ya Ninawi, mateka wanatembea na mizigo begani, wanawake na watoto wamepandishwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe. Mawe hayo leo yako British Museum, London. Nahumu ni sauti ya waliokanyagwa, sasa wewe umekaa zako sebuleni hujanyang'anywa hata kuku unaitumia kwa jirani, mwingine kaituma kabla ya mechi ya timu ya taifa, nilichoka.

Alafu wanaotuma Nahumu hawatumi Isaya 19:25, "Wabarikiwe Misri watu wangu, na Ashuru kazi ya mikono yangu, na Israeli urithi wangu". Ashuru hiyohiyo. Hapo sijasikia amina.

Sasa utaratibu wa kututumia maswali. Andika kitabu, sura na mstari, taja tafsiri uliyosoma maana Union Version na Habari Njema zinatofautiana maneno, andika umesikia wapi na lini, swali moja kwa barua moja, maswali mawili ni barua mbili, majibu ni ndani ya siku 7 za kazi na Jumamosi sio siku ya kazi. Kwa wanafunzi wetu, insha ikinukuu mstari bila kueleza sura nzima inakatwa alama 10 kati ya 30, ukirudia inarudishwa bila kusahihishwa, ya tatu unaitwa na mlezi wa darasa. Klipu zisizo na mstari tunazifuta kila Ijumaa saa nane mchana.