Ger: Mgeni wa Torati Asiyeondoka

Ninafundisha Kiebrania cha Agano la Kale, na neno linalowasumbua wanafunzi wangu kuliko mengine ni la Kiswahili: mgeni. Kwetu mgeni ni yule anayebisha hodi, na ni huyohuyo tusiyemjua atokako. Kiebrania kinawatenganisha. Msafiri anayepita ni oreah. Mtu wa taifa jingine, aliyekuja kwa shughuli zake, ni nokri. Na ger ni yule aliyehama kwao, pengine kwa sababu ya njaa au vita, akafanya makao miongoni mwa watu wasio ukoo wake, bila fungu lolote katika urithi wa ardhi. Kumbukumbu la Torati 14:21 huonyesha tofauti hiyo wazi: nyamafu, ambayo Mwisraeli amekatazwa kuila, ger hupewa bure, nokri huuziwa.

Tunapotaja ukarimu, wengi hukimbilia Mwanzo 18, na wana haki. Abrahamu, mzee wa miaka 99, ameketi mlangoni pa hema wakati wa hari, na mara anapowaona watu watatu anaondoka mbio kuwalaki. Anawaahidi kipande cha mkate tu. Kisha anamharakisha Sara akande vipimo vitatu vya unga, ambavyo kwa makadirio ya kawaida ni zaidi ya lita 20, anakimbia tena zizini kuchagua ndama, na wanapokula yeye anasimama kando yao chini ya mti.

Naipenda sana habari hiyo, lakini wageni wale waliondoka siku ileile. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria za Torati juu ya ger zinaanzia hasa siku hiyo ya tatu, kwa mtu mwenye jembe na asiye na shamba. Tena neno lenyewe si geni kwetu kama tunavyodhani, kwa kuwa ger ni ndugu wa neno la Kiarabu jar, ambalo wingi wake, jiran, ndio uliotupatia "jirani".

Ukisoma "jirani" palipoandikwa "mgeni", amri zinabadilika uzito. Kibarua wa namna hiyo alipwe ujira wake kabla jua halijachwa. Siku ya Sabato naye apumzike. Kutoka 23:9 inakataza kumwonea kwa sababu Waisraeli wanaijua nefesh yake, yaani nafsi yake (hapa pia maneno ni ya ukoo mmoja), maana wao wenyewe walikuwa ger katika nchi ya Misri.

Amri ninayoirudia mara nyingi darasani ni ya mganda uliosahaulika, katika Kumbukumbu 24:19. Mwenye shamba akikumbuka jioni kwamba ameuacha, hairuhusiwi arudi kuuchukua: ni wa ger, yatima na mjane, nao huja kuuokota bila kumwomba mtu.