Nyumbu wa Serengeti hawasubiri Julai

Wengi hudhani kuhama kwa nyumbu ni tukio la Julai na Agosti tu, pale Mto Mara, na kwamba ukilikosa basi umekosa yote. Si kweli. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka mwaka mzima wakifuata mvua na majani mabichi. Februari huwa kusini, nyanda za Ndutu, wakizaa. Ndama husimama baada ya dakika chache tu na kumfuata mama yake. Kwangu hicho ndicho kipindi bora kuliko vyote.

Ukifika hifadhini, pitia kwanza kituo cha wageni Seronera. Kuna njia ya miguu inayozunguka miamba, yenye mabango ya maelezo, na pimbi wakiota jua. Uliza hapo makundi yako wapi wiki hiyo.