Kipimo cha kustahimili glukosi, na virutubisho vinavyoweza kukivuruga

Mtu anaweza kupima sukari asubuhi kabla ya kula, akapata milimoli 5.8 kwa lita, akaambiwa yuko salama. Mpe glukosi anywe, msubiri saa mbili, mpime tena: 12. Kiwango hicho cha pili kimefikia mpaka wa kisukari, na daktari atarudia kipimo ili kuthibitisha. Sukari ya asubuhi inaonyesha mwili ukiwa umepumzika. Kipimo cha kustahimili glukosi kinaupa mwili kazi, kisha kinaangalia unavyoimudu.

Kazi yenyewe ni gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji, kama mililita 250 hadi 300, unazozimaliza ndani ya dakika tano. Kabla ya hapo hujala kitu kwa saa nane au zaidi, na umeshatolewa damu ya kwanza. Ni tamu ya kukera, na wengine hutapika; ukitapika, kipimo hicho kimeharibika, utapangiwa siku nyingine. Baada ya kunywa unakaa kitako: huvuti sigara, hutembeitembei, kwa sababu misuli inayofanya kazi hufyonza sukari na kuyapendezesha majibu. Muda huo kongosho linamwaga insulini, nayo misuli na ini vinaichukua sukari kutoka kwenye damu.

Saa mbili zikipita, chini ya milimoli 7.8 kwa lita ni kawaida. Kuanzia 11.1 ni kisukari. Katikati ya hapo mwili umeanza kushindwa, lakini bado kuna nafasi kubwa ya kurudi nyuma kwa chakula, mazoezi na kupunguza uzito. (Karatasi ikiandikwa kwa miligramu, 7.8 ni 140 na 11.1 ni 200.) Wajawazito, ambao kwa kawaida hupimwa kati ya wiki ya 24 na ya 28, wana mipaka mikali zaidi: 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, 8.5 baada ya saa mbili. Kufikia mpaka mmoja tu kunatosha kuitwa kisukari cha mimba.

Watu wengi huharibu majibu kwa nia njema. Wakisikia wana kipimo Ijumaa, tangu Jumatatu wanaacha ugali, wali na chapati ili "sukari ishuke". Matokeo huwa kinyume. Mwili uliozoea siku kadhaa bila wanga huchelewa kuitikia glukosi nyingi ya ghafla, na namba inapanda kuliko ilivyostahili. Siku tatu kabla ya kipimo kula kama kawaida yako, wanga usipungue gramu 150 kwa siku.

Sasa virutubisho. Uwatu una nyuzi zinazovimba tumboni na kuchelewesha sukari kuingia kwenye damu, hivyo kuna mantiki katika sifa zake. Ila kikombe cha uwatu alfajiri ya kipimo kimevunja mfungo wako na kimegusa kilekile kinachopimwa. Mdalasini umechunguzwa mara nyingi na majibu yanapingana. Niasini, yaani vitamini B3, ikinywewa kwa dozi kubwa hupandisha sukari. Vitamini C nyingi sana, hasa ya dripu, huzidanganya baadhi ya glukomita, vile vimashine vya kupimia sukari, zikasoma juu kuliko ukweli.

Ushuhuda wa wauzaji wa virutubisho mara nyingi husimama juu ya ulinganisho mbovu: "Jana usiku ilikuwa 11, nikanywa, leo asubuhi 6." Ya jana ilipimwa baada ya chakula, ya leo baada ya kulala njaa. Hata aliyekunywa maji matupu angeweza kupata hivyo. Anayetaka kujua kama kitu kinamsaidia alinganishe saa ileile na hali ileile, au apime HbA1c, kipimo cha damu kinachobeba wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu.

Hofu yangu kubwa ni vidonge vya "asili" vinavyofanya kazi kupita kiasi. Mwaka 2008 hospitali za Singapore zilipokea watu 150 wasio na kisukari, sukari zao zikiwa zimeporomoka, wanne walifariki. Chanzo kilikuwa dawa haramu za nguvu za kiume zilizochanganywa na glibenklamaidi, dawa halisi ya kisukari. Aliye tayari kwenye glibenklamaidi au insulini akiongeza kitu cha namna hiyo anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa kabla hajajua kinachomsibu.

Kwa hiyo kabla ya kipimo mtajie daktari kila unachokunywa, pamoja na predinisoloni (dawa ya steroidi) kama umeandikiwa, maana nayo hupandisha sukari. Dawa za hospitali usiziache mwenyewe. Yeye ndiye atakayesema kipi kisimamishwe na kwa siku ngapi. Kama hujui jina la kilichomo, beba kopo lenyewe.